Pasipoti ya Fulana Ianzie Kwenye Mizani ya Katavi

Pamba inayovunwa wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, huwa na mwenyewe kwa muda mfupi sana. Ikiwa shambani, kila jirani anajua ni ya nani. Ikifika kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, karani huipima, huandika jina la mkulima na kilo zake, na mkulima huondoka na stakabadhi yake. Baada ya hapo mzigo hupakiwa lori moja na wa wenzake kwenda kiwanda cha kuchambua pamba, ambacho wengi hukiita jinari, na huko pamba ya kijiji kimoja humwagwa rundo moja na ya vijiji vingine. Robota linalotoka upande wa pili lina uzito, namba na daraja la ubora, lakini halina jina la mtu wala la kijiji. Kuanzia hapo ni pamba ya Tanzania tu. Ikishasokotwa kuwa uzi katika kiwanda cha Asia pamoja na pamba ya India, Brazil na Marekani, hata hilo jina la nchi hupotea. Fulana itakayoning'inizwa dukani, iwe Hamburg au Dar es Salaam, itakuwa na lebo inayotaja nchi moja tu, nayo ni ile iliyoishona.

Umoja wa Ulaya umeamua kwamba lebo ya namna hiyo haitoshi tena. Kanuni yake namba 2024/1781 kuhusu usanifu wa bidhaa unaojali mazingira ilianza kutumika tarehe 18 Julai 2024, na ndani yake limo jambo jipya linaloitwa pasipoti ya kidijitali ya bidhaa. Maana yake ni kwamba bidhaa itakuwa na alama, kwa mfano msimbo wa QR, ambayo mnunuzi, afisa wa forodha au fundi wa kuchakata taka ataisoma kwa simu na kupata taarifa zake: imetengenezwa kwa malighafi gani, viwanda gani vimehusika, inarekebishwaje na mwisho wake itupwe wapi. Mpango kazi wa kwanza wa kanuni hiyo, wa 2025 hadi 2030, umeziweka nguo miongoni mwa bidhaa za kipaumbele. Kwa Mtanzania wazo lenyewe si geni. Tangu 2019 Mamlaka ya Mapato imekuwa ikitumia stempu za kielektroniki kwenye vinywaji na sigara, na mnywaji anaweza kuielekezea simu stempu ya chupa kujua kama ni halali. Tofauti ni kwamba stempu ile inalinda kodi na inaanzia kiwandani, wakati pasipoti ya nguo inadai kueleza safari nzima.

Neno hilo, safari nzima, ndilo lenye mgogoro. Taarifa gani hasa zitaandikwa kwa upande wa nguo ni jambo la kanuni ndogo zitakazofuata, na hakuna kinachozuia safari hiyo ihesabiwe kuanzia kiwanda cha kusokota uzi, huku shamba likibaki nje ya maandishi. Hoja ya makala haya ni kwamba pasipoti ya namna hiyo itakuwa na kasoro kwa mnunuzi na itakuwa hasara kwa mkulima. Kumbukumbu ya bidhaa huwa na nguvu kulingana na hatua yake ya kwanza, na hatua ya kwanza ya nguo ya pamba ni mizani ya AMCOS. Kwa hiyo Katavi, na Tanzania kwa jumla, isisubiri kuulizwa. Ianze sasa kuandika vizuri kinachotokea kati ya shamba na robota, iimiliki kumbukumbu hiyo kupitia ushirika, na idai ilipwe kwa kazi ya kuitunza.

Kwanza tuone kwa nini dunia imefika hapa, maana si teknolojia iliyosukuma mambo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka karibu na Dhaka, Bangladesh, na kuua watu 1,134, wengi wao wakiwa washonaji wa nguo za kampuni za Ulaya na Marekani. Katika siku zilizofuata, wanaharakati walilazimika kupekua lebo kwenye vifusi ili kujua ni kampuni zipi zilikuwa zikishonewa humo, kwa sababu baadhi ya kampuni zenyewe hazikuwa na uhakika. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2016, duka kubwa la Marekani la Target lilivunja uhusiano na kampuni ya Welspun ya India baada ya kubaini kwamba mashuka yaliyouzwa kuwa ya pamba ya Misri hayakuwa ya pamba hiyo. Kisha, kuanzia Juni 2022, sheria ya Marekani ikaichukulia bidhaa yoyote yenye pamba ya Xinjiang, China, kuwa imetokana na kazi ya kulazimishwa mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Matukio hayo matatu ni tofauti, moja la usalama wa wafanyakazi, moja la udanganyifu na moja la haki za binadamu, lakini yote yalifichua jambo moja: mwenye nguo hakuwa na maandishi ya kuonyesha ilipotoka.

Jibu la kwanza la wafanyabiashara lilikuwa vyeti, na vyeti vingi vya pamba vilijengwa juu ya utaratibu wa uwiano wa kiasi. Kiwanda kikinunua tani 100 za pamba yenye cheti kinaruhusiwa kuuza uzi wa kiasi kinacholingana nazo ukiwa na sifa hiyo, hata kama nyuzi zenyewe zimechanganywa na za kwingine. Utaratibu huu ni rahisi na umewawezesha wakulima wengi wadogo kuingia kwenye mipango ya kilimo bora, lakini hauwezi kujibu swali la Xinjiang, kwa sababu hauoni nyuzi, unaona hesabu tu. Ndiyo maana Better Cotton, mpango mkubwa kabisa wa pamba duniani, ulianzisha mfumo wa kuifuatilia pamba yenyewe mwishoni mwa 2023. Ndiyo maana pia Cotton made in Africa, mpango ulioanzishwa Ujerumani mwaka 2005 na unaofanya kazi na wakulima wa Tanzania, una njia mbili: ile ya uwiano wa kiasi, na nyingine ambayo pamba hutengwa tangu jinari hadi nguo. Brazil imekwenda mbali zaidi, kwani tangu 2021 chama cha wazalishaji wake kimeshirikiana na kampuni za nguo kuuza fulana ambazo msimbo wake unamfikisha mnunuzi hadi kwenye mashamba yaliyozalisha pamba.

Msomaji atasema Brazil ina mashamba ya maelfu ya ekari yenye mitambo, na kwamba Tanzania yenye wakulima wa ekari mbili tatu haiwezi kuiga. Jibu liko hapa nchini, Meatu mkoani Simiyu. Huko kampuni ya bioRe, ikishirikiana na Remei ya Uswisi, imenunua pamba ya kilimo hai kwa wakulima wadogo tangu miaka ya 1990, ikiwasajili mmoja mmoja, ikikagua mashamba yao, ikiitenga pamba yao na nyingine na kuwalipa nyongeza juu ya bei ya soko. Nguo zilizotokana na mnyororo huo zimeuzwa Uswisi zikiwa na msimbo wa kumwonyesha mnunuzi hatua zilizopitiwa. Kwa hiyo ukubwa wa shamba si kikwazo. Kilichofanya kazi Meatu ni uhusiano wa kudumu kati ya mkulima, jinari na mnunuzi, pamoja na mtu anayelipia uandishi wa kumbukumbu.

Katavi inapoteza nini kwa kukosa kumbukumbu hiyo? Tuhesabu. Kilo moja ya pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani, hutoa takriban theluthi moja ya pamba nyuzi baada ya kuchambuliwa. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu ya kukamuliwa mafuta. Nyuzi hizo, ukitoa zinazopotea njiani, zinatosha fulana mbili hivi nyepesi. Katika misimu ya 2023 na 2024 bei ya ufunguzi ilikuwa juu kidogo ya shilingi 1,000 kwa kilo, kwa hiyo fungu la mkulima katika fulana moja lilikuwa kama shilingi 500 au 600, kabla hajakatwa madeni ya mbegu na viuatilifu. Fulana hiyo hiyo Ulaya huuzwa kwa mara nyingi ya kiasi hicho. Sehemu ya bei kule hutokana na hadithi inayoambatana na nguo: kilimo kisichochafua maji, kijiji kinachonufaika, msitu usiofyekwa. Hadithi hiyo hulipiwa, lakini asiye na maandishi hawezi kuithibitisha, na asiyeweza kuithibitisha huuza kwa bei ya rundo.

Faida nyingine iko hapa hapa nyumbani, na pengine ndiyo kubwa zaidi kwa mkulima mwaminifu. Kila msimu viongozi na Bodi ya Pamba huwakemea wanaotia maji na mchanga kwenye pamba ili iongeze uzito. Kwa kuwa pamba huchanganywa mapema, adhabu ya uchafu huo huwaangukia wote: mnunuzi hushusha thamani ya pamba ya nchi nzima, na aliyetenganisha pamba safi na fifi, yaani ya daraja la chini, kwa uangalifu hupata alichopata jirani aliyemwaga ndoo ya maji. Mzigo ukitambulika kwa AMCOS, na ndani ya AMCOS kwa mkulima, robota lenye mchanga litajulikana limetoka kundi gani. Hapo usafi unakuwa na malipo na uchafu unakuwa na mwenyewe. Hoja hii haihitaji mnunuzi wa Ulaya hata mmoja.

Katika suala la mazingira, Katavi ina uzoefu ambao mikoa mingi ya pamba haina. Wilaya ya Tanganyika imepokea wakulima na wafugaji wengi kutoka Shinyanga, Simiyu na Mwanza waliofuata ardhi na malisho, na kila ekari mpya ya pamba, mahindi au tumbaku ina uwezekano wa kuwa ilikuwa msitu jana. Lakini wilaya hiyo hiyo ndiyo yenye mradi wa hewa ukaa wa milima ya Ntakata, ambao vijiji vinane vikiwemo Mwese, Katuma, Lugonesi na Kapanga vinautekeleza pamoja na halmashauri na kampuni ya Carbon Tanzania. Vijiji vilipanga matumizi ya ardhi, vikatenga msitu, vikaweka walinzi, na hali ya msitu ikawa inapimwa na kukaguliwa kwa viwango vya kimataifa vya Verra. Kila hati ya hewa ukaa inayotolewa ina namba yake kwenye rejista inayoweza kusomwa na mtu yeyote. Mapato yake yameviingizia vijiji mabilioni ya shilingi, yakajenga madarasa na zahanati na kulipia bima za afya. Huu ni ufuatiliaji wa kidijitali uliokamilika: kitu kisichoonekana kwa macho, kinachozalishwa na wanakijiji wa Katavi, kimepewa namba, kikakaguliwa, kikauzwa ng'ambo na fedha zikarudi kijijini. Ikiwa msitu umeweza kuandikwa hivyo, robota la pamba, ambalo mtu anaweza kulishika na kulipima, halina sababu ya kushindikana. Tena mambo haya mawili yanasaidiana, kwani ramani ya mashamba ya pamba ikiwekwa juu ya ramani ya msitu wa kijiji, itaonyesha pamba ipi imelimwa kwenye ardhi iliyotengwa kwa kilimo na ipi imetokana na kufyeka.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni kwamba mashine huandika inachoambiwa. Karani akiingiza uongo, uongo huo utasafiri hadi Ulaya ukiwa umepambwa kwa msimbo. Hili si la kupuuzwa, kwani lina ushahidi. Oktoba 2020 shirika la GOTS, linalosimamia viwango vya nguo za kilimo hai, lilitangaza kwamba tani 20,000 za pamba nchini India zilikuwa zimepitishwa kwa vyeti vya kughushi. Karibu na sisi, mashariki mwa Kongo na Rwanda, mifuko ya madini ya bati na koltani imekuwa ikifungwa lakiri zenye namba chini ya mpango wa ITSCI, na mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti likidai lakiri hizo zilitumika kuyahalalisha madini ya magendo. Somo la matukio hayo ni kwamba namba bila ukaguzi hugeuka vazi la mwizi. Lakini namba pia hurahisisha ukaguzi kuliko karatasi zilizotawanyika. Wastani unaotajwa sana wa pamba nchini ni kilo 200 hadi 300 kwa ekari; mkulima aliyesajiliwa na ekari mbili akionekana ameuza tani tano, mfumo utapiga kelele siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo kuna vipimo visivyotegemea kauli ya mtu: maabara hulinganisha chembe za asili zilizomo kwenye nyuzi na udongo na maji ya eneo husika, na zipo kampuni zinazopuliza alama ya vinasaba kwenye pamba jinari ili itambulike hata ikiwa nguo. Uandishi na vipimo vikienda pamoja, udanganyifu haukomi, ila huwa ghali.

Pingamizi la pili ni la vifaa. Wengi vijijini wanatumia simu za kitochi, mtandao hukatika, na umeme haujafika kila ghala. Ni kweli, ila pingamizi hili linambebesha mkulima kazi isiyo yake. Hakuna haja ya mkulima kuskani chochote. Kinachotakiwa ni mizani ya kidijitali kwenye AMCOS, yenye uwezo wa kuhifadhi taarifa mpaka mtandao upatikane, na ujumbe mfupi kwa mkulima wenye kilo, daraja na fedha. Msingi wa hilo upo. Tangu ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/2023, wakulima wamekuwa wakisajiliwa kwenye mfumo wa taifa na kupewa namba, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kidijitali wa kusimamia vyama. Mkulima wa Mpimbwe au Nsimbo, mkoani Katavi, hahitaji usajili wa nne na wa tano kwa kila mnunuzi anayekuja na programu yake. Anahitaji ule mmoja alionao uheshimiwe na mifumo yote. Tena mizani isiyochezewa na ujumbe wa papo hapo ni kinga yake dhidi ya mizani iliyolegezwa, kero ambayo wakulima wa pamba wameilalamikia muda mrefu kuliko umri wa simu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama. Ulaya inatunga sheria, kampuni kubwa zinapata sifa, na bili inashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa aliye chini kabisa. Akishindwa kulipa, mnunuzi anahamia kwa mwenye shamba kubwa la Brazil ambaye tayari ana mitambo. Tanzania imeshaonja jambo linalofanana. Kampeni ya kuvalisha mifugo hereni za kielektroniki mwanzoni mwa muongo huu ilikumbana na upinzani wa wafugaji, kubwa likiwa gharama na faida isiyoeleweka, na ilipopewa nguvu upya mwaka 2025 iliambatanishwa na chanjo, kitu ambacho mfugaji anakiona thamani yake. Funzo ni kwamba watu hukubali kuandikwa wanapopata kitu kwa kuandikwa. Kwa hiyo gharama za mizani, mafunzo ya makarani na kutenga mizigo jinari zisiwe makato mapya kwenye kilo ya mkulima. Zilipwe na mnunuzi anayehitaji taarifa hizo ili aruhusiwe kuuza, na ziandikwe kwenye mkataba kabla ya msimu kufunguliwa. Bila sharti hilo, wapinzani wa mfumo watakuwa na haki.

Linabaki swali la nani ataimiliki taarifa. Jina la mkulima, mipaka ya shamba lake na mavuno yake ya kila mwaka ni taarifa zenye thamani kwa benki, mtoza ushuru, muuza viuatilifu na mshindani. Mkulima anayehofia kwamba usajili ni njia ya kumfuatilia madeni hana kosa kuhofia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, lakini haki iliyo Dodoma haimfikii mtu wa Mishamo bila chombo cha karibu. Chombo hicho ni ushirika. Mnunuzi wa Ulaya anahitaji kujua kwamba robota limetoka AMCOS fulani yenye wanachama waliokaguliwa na ramani iliyohakikiwa. Hahitaji jina la mkulima mmoja mmoja. Jina libaki kwenye daftari la chama, na kinachosafiri kiwe namba ya kundi.

Hata Mtanzania asiyelima pamba ana maslahi katika jambo hili, kwa sababu nguo nyingi humrudia zikiwa mitumba. Anayefungua belo leo hajui kama anachokitoa ni pamba tupu au mchanganyiko wa plastiki, na nguo isiyouzika huishia jalalani au kuchomwa kwa sababu hakuna anayejua itachakatwa vipi. Pasipoti itakayodumu kwenye nguo hadi mwisho wa maisha yake ingemsaidia mchakataji wa hapa na kuifanya serikali ijue ni taka za nani zinaingia bandarini.

Wapo watakaosema pamba yetu nyingi huenda Asia, hivyo sheria za Ulaya hazituhusu. Lakini Bangladesh na Vietnam husokota na kushona kwa ajili ya masoko hayo hayo, na kiwanda kitakachoulizwa asili ya uzi wake kitamgeukia aliyekiuzia robota. Swali litafika Mpanda kwa reli ya Kaliua au kwa lami ya Tabora, hata kama limezungukia bandari ya Chittagong. Hatua za kujiandaa hazihitaji muujiza: Bodi ya Pamba ikubaliane na jinari kwamba namba ya AMCOS iandikwe kwenye robota, wilaya ya Tanganyika ianze na vyama vichache ambavyo vijiji vyake tayari vina mipango ya ardhi, na mkataba wa ununuzi useme wazi nani analipia kumbukumbu. Mkoa utakaofanya hivyo kabla kanuni za nguo hazijakamilika utakaa mezani kupanga bei ya taarifa zake. Utakaosubiri utaletewa fomu ya kujaza, na atakayeijaza bure ni mkulima.